Kimeng'enya Kingi Kwenye Uvimbe Si Lazima Kiwe Shabaha ya Dawa

Mwezi Januari 2021 kampuni ya Calithera ya California ilitangaza matokeo ya jaribio la dawa ambayo watafiti wengi wa saratani walikuwa wakiyasubiri kwa hamu. Wagonjwa 444 wa saratani ya figo iliyokwisha kusambaa mwilini waligawanywa katika makundi mawili. Wote walipewa kabozantinibu, dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Kundi moja likaongezewa kidonge kipya kiitwacho telaglenastati, na jingine likaongezewa kidonge kisicho na dawa. Telaglenastati ilitengenezwa ili kuzuia glutaminasi, kimeng'enya kinachovunja glutamini, mojawapo ya virutubisho ambavyo seli za saratani hupenda kuvifakamia. Kwa waliopata dawa mpya, ilichukua miezi 9.2 hadi nusu yao ugonjwa ukawa umesonga mbele. Kwa waliopata kidonge kitupu ilichukua miezi 9.3. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo iliamua kufunga shughuli zake.

Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya jaribio jingine, safari hii la wagonjwa 331 wenye uvimbe wa ubongo wa aina ya glioma inayokua polepole. Dawa yao, vorasidenibu, inazuia kimeng'enya kiitwacho IDH. Waliopata dawa walikaa miezi 27.7 kwa kipimo kilekile cha nusu ya wagonjwa. Waliopata kidonge kitupu walikaa miezi 11.1. Agosti 2024 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo itumike. Glutaminasi na IDH vyote ni vimeng'enya vya umetaboli, yaani vinashiriki katika kazi ya kikemia ya kugeuza chakula kuwa nguvu na vifaa vya kujengea seli. Vyote viwili viliandikwa kwa shauku kwenye majarida makubwa ya sayansi. Nashikilia kwamba tofauti ya matokeo yao haikutokana na bahati, wala na ubora wa kemia ya vidonge vyenyewe. Ilikuwepo tangu mwanzo katika aina ya ushahidi uliotumika kuchagua shabaha. Glutaminasi ilichaguliwa hasa kwa sababu ina shughuli nyingi ndani ya uvimbe. IDH ilichaguliwa kwa sababu uvimbe una toleo la kimeng'enya hicho ambalo sehemu nyingine ya mwili haina.

Mvuto wa kuishindisha saratani njaa una umri wa karibu miaka mia moja. Katika miaka ya 1920, mjini Berlin, Otto Warburg alipima vipande vya uvimbe na kuona kwamba vinameza glukosi kwa wingi na kuigeuza kuwa asidi laktiki hata pale ambapo oksijeni inatosha kabisa. Warburg aliamini kwamba kiini cha saratani ni kuharibika kwa upumuaji wa seli, na katika hilo, kwa sehemu kubwa, alikosea, kwani mitokondria, yaani sehemu za seli zinazofanya upumuaji huo, zinafanya kazi katika uvimbe mwingi. Lakini alichokipima kimesimama hadi leo, na ndicho msingi wa kipimo cha PET, ambamo mgonjwa anadungwa glukosi iliyobandikwa florini yenye mionzi na sehemu zinazoimeza kwa wingi zinang'aa kwenye picha. Anayeitazama picha hiyo kwa makini ataona pia kwamba ubongo wa mgonjwa unang'aa, kwa kuwa ubongo mzima wenye afya nao unameza glukosi usiku na mchana. Seli T za kinga zinapoamka kupigana na ugonjwa hufanya vilevile. Kwa hiyo wingi wa shughuli hautuambii kwamba shughuli hiyo ni ya saratani peke yake. Wala hautuambii kama seli haina njia nyingine. Ukifunga asubuhi barabara kuu ya kuingia mjini, kama ile ya Morogoro, magari hayageuki kurudi nyumbani. Yanaingia njia za panya, na mengi yanafika mjini. Seli ya saratani ina njia za panya nyingi kuliko mji wowote: ikinyimwa glutamini inageukia glukosi, ikinyimwa glukosi inageukia mafuta au asidi amino.

Kosa hilohilo la kufikiri limefika hadi mezani. Wapo wagonjwa wanaoambiwa na ndugu, na wakati mwingine na wauzaji wa dawa za asili, waache ugali, wali na matunda kwa sababu "saratani inakula sukari". Ini la binadamu linatengeneza glukosi lenyewe kutokana na asidi amino na vitu vingine, na mwili hushikilia kiwango chake kwenye damu hata mtu akifunga. Uvimbe utapata glukosi yake. Atakayepungukiwa ni mgonjwa, ambaye anakonda, anaishiwa nguvu, na mara nyingine analazimika kuahirishiwa tibakemikali iliyokuwa ikimsaidia. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu ni madhara ya kweli yanayotokana na kusoma nusu ya ugunduzi wa Warburg.

Hata wataalamu waliosoma ugunduzi wote wamewahi kupotea. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walionyesha kwamba uvimbe hutumia umbo maalumu la kimeng'enya pairuveti kinasi, liitwalo PKM2, na kwamba seli za saratani zilizobadilishiwa umbo hilo zilishindwa kukua vizuri ndani ya panya. Ilionekana kama shabaha kamili: kimeng'enya kimoja, hatua ya mwisho ya kuvunja glukosi, na uvimbe unaokihitaji. Miaka mitano baadaye watafiti walifuta umbo hilo la PKM2 kwenye panya walioandaliwa kupata saratani ya matiti. Uvimbe haukuchelewa. Ulikuja mapema zaidi. Ujuzi wa kikemia juu ya pairuveti kinasi haukupotea bure. Kampuni ya Agios iliupeleka kwenye chembe nyekundu za damu, na mwaka 2022 ikapata idhini ya mitapivati, dawa ya upungufu wa damu wa kurithi ambayo imejaribiwa pia kwa wagonjwa wa selimundu. Lakini kama shabaha ya saratani, PKM2 ilikuwa imeshajibu swali lake, na jibu lilikuwa hapana.

Kwa nini ushahidi unaoonekana imara unaporomoka namna hii? Inabidi tuitazame sahani ya maabara kwa karibu, maana hapo ndipo shabaha nyingi huzaliwa. Seli za saratani zinawekwa kwenye sahani ya plastiki, katika joto la nyuzi 37, ndani ya maji ya rangi ya waridi yenye chumvi, vitamini, asidi amino na glukosi, na kuongezewa kidogo majimaji ya damu ya ndama. Fomula za maji hayo zilitungwa katikati ya karne ya 20 kwa lengo la kuzifanya seli zikue haraka, wala hakuna aliyekusudia zifanane na damu ya mtu. Katika fomula mojawapo inayotumika sana, glukosi ni milimoli 25 kwa lita. Mtu mwenye afya aliyeamka bila kula ana takribani 5. Mwenye 25 angekimbizwa hospitali. Katika mazingira hayo ya ukarimu uliopitiliza, seli inajifunza tabia ambazo mwilini isingekuwa nazo, na dawa inayozuia tabia hizo inaonekana kufanya maajabu.

Glutaminasi ni mfano ulio wazi. Mwaka 2016 watafiti wa MIT nchini Marekani walichukua panya wenye saratani ya mapafu, wakafuatilia virutubisho vilivyotiwa alama ndani ya miili yao, na kukuta kwamba uvimbe ulitegemea glukosi zaidi kuliko glutamini. Seli zilezile zilipotolewa na kukuzwa kwenye sahani, zikageuka kuwa tegemezi wa glutamini na kufa kwa dawa ya kuzuia glutaminasi. Ndani ya panya, dawa hiyo haikuugusa uvimbe. Mwaka uliofuata wakaonyesha sababu mojawapo. Maji ya kukuzia seli yana sistini nyingi kupita kiasi. Ili seli iingize sistini lazima itoe glutameti nje, na ili ifidie glutameti iliyotoka lazima ivunje glutamini zaidi. Utegemezi uliokuwa ukisifiwa kama udhaifu wa saratani ulikuwa, kwa sehemu kubwa, udhaifu wa fomula. Matokeo haya yalichapishwa miaka kadhaa kabla ya tangazo la Januari 2021. Siwezi kusema yalitosha kulisimamisha jaribio la figo, kwa kuwa figo si mapafu na mgonjwa si panya. Lakini yalitosha kumfanya mtu aulize: tumeona nini ndani ya uvimbe wa figo wa binadamu kinachotuhakikishia kwamba huku mambo ni tofauti?

Panya naye ana mipaka yake. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya Whitehead, pia Marekani, walitengeneza maji ya kukuzia seli yenye virutubisho zaidi ya 60 kwa viwango vya damu ya binadamu. Wakagundua kwamba asidi yuriki, ileile inayoleta jongo ikizidi, inazuia kimeng'enya kimoja cha kutengeneza malighafi ya DNA na kuifanya seli ya saratani isidhurike sana na fluorourasili, dawa ya saratani iliyotumika tangu miaka ya 1950. Panya ana kimeng'enya cha kuvunja asidi yuriki; sisi hatuna, na damu yetu inayo mara nyingi zaidi. Jambo kubwa hivyo kuhusu dawa ya zamani hivyo lilikuwa limejificha kwa sababu sahani haikuwa na asidi yuriki na panya hakuwa nayo ya kutosha.

Msomaji anayetumia metfomini kwa ajili ya kisukari huenda amesikia kwamba inazuia saratani. Tetesi hizo zilikuwa na chanzo cha heshima: tafiti za wagonjwa wa kisukari zilionyesha kwamba waliokuwa wakitumia metfomini walipata saratani kidogo kuliko wengine, na kwenye sahani dawa hiyo ilipunguza ukuaji wa seli kwa kubana mitokondria. Ila kwenye sahani ilitumika kwa viwango vya juu kupita vile vinavyofikiwa kwenye damu ya mtu. Jaribio la wagonjwa 3,649 wenye saratani ya matiti ambao hawakuwa na kisukari, lililochapishwa mwaka 2022, halikuonyesha faida ya kuongeza metfomini kwenye matibabu yao ya kawaida. Na ilipotengenezwa dawa kali zaidi ya kubana eneo hilohilo la mitokondria, IACS-010759, wagonjwa wa majaribio ya awali walipata ongezeko la asidi laktiki na kuharibika kwa mishipa ya fahamu kabla ya kufikia kiwango cha kuwasaidia. Dawa dhaifu haikufika kwenye uvimbe, na dawa kali ilimfika mgonjwa kwanza.

Dawa bora ya aina hii, kwa maoni yangu, ilipatikana kwa kutazama kile ambacho saratani haina. Mwaka 1953 John Kidd wa New York aliona kwamba majimaji ya damu ya nguruwe wa Guinea yanayeyusha uvimbe wa tezi kwa panya, ilhali ya farasi na sungura hayafanyi hivyo. Mwaka 1961 John Broome akabaini siri yake: damu ya nguruwe wa Guinea ina kimeng'enya kinachovunja asparajini. Seli nyingi za mwili zinajitengenezea asparajini zenyewe. Seli changa za saratani ya damu inayowapata watoto wengi zina uwezo mdogo mno wa kuitengeneza, na zinaishi kwa kuombaomba kwenye damu. Ukiiondoa asparajini kwenye damu, mwili unajitegemea na saratani inakufa njaa. Asparajinasi inayotengenezwa na bakteria ilipata kibali Marekani mwaka 1978 na bado ni nguzo ya matibabu ya watoto hao duniani kote. Ina madhara yake, mzio, kuvimba kongosho na kuganda kwa damu, lakini seli nyingi za mwili zinaendelea kujitengenezea kile ambacho saratani imekosa.

IDH ilifuata mantiki hiyohiyo kwa njia nyingine. Mwaka 2008 waliosoma jeni za uvimbe wa ubongo walikuta badiliko linalorudiarudia mahali palepale kwenye jeni ya IDH1. Mwaka 2009 ikafahamika kwamba kimeng'enya kilichobadilika kinatengeneza kemikali ambayo seli ya kawaida haina haja nayo, na ambayo ikirundikana inazuia seli changa zisikomae. Dawa za kwanza zililenga saratani ya damu na kuidhinishwa mwaka 2017 na 2018, na kwa baadhi ya wagonjwa seli zilizokwama utotoni zilianza kukomaa. Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ulikuja kutokana na kushindwa. Kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa uliporudi, seli zao zilipochunguzwa zilikuwa na badiliko jipya kwenye kimeng'enya hichohicho, hasa pale dawa inapojishikiza. Saratani isingehangaika kuibadilisha IDH kama dawa ilikuwa ikiiua kwa njia nyingine. Hicho ndicho kipimo cha kweli cha shabaha: badilisha kimeng'enya ili dawa isikishike, na seli iliyokuwa ikifa inaishi. Watafiti waliochunguza mwaka 2019 dawa kadhaa za saratani zilizokuwa zikijaribiwa kwa wagonjwa walifuta kwenye seli zile jeni zilizosemekana kuwa shabaha, na dawa zikaendelea kuziua kama kawaida. Dawa zilikuwa zikipiga kitu kingine. Wagonjwa walikuwa wameshaanza kuzimeza.

Hapa patatokea mtu wa kuuliza: mbona metotreksati, dawa ya saratani ya tangu zamani, ilifanikiwa bila masharti yote haya? Ni swali zuri. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston aliripoti watoto 16 wenye saratani ya damu waliopewa aminopterini, ndugu ya metotreksati, iliyotengenezwa na kikosi cha Yellapragada Subbarow. 10 kati yao walipata nafuu, katika ugonjwa ambao hadi hapo ulikuwa hukumu ya kifo. Mjini Kampala, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya unaowapata watoto wa ukanda wetu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 baadhi yao walitibiwa kwa metotreksati na uvimbe ukanywea. Shabaha ya dawa hizi ni kimeng'enya kinachohuisha asidi foliki, na kila seli inayogawanyika inakihitaji. Wala hakina upekee wowote wa saratani.

Lakini mafanikio hayo yana maelezo, na maelezo yenyewe yanaunga mkono hoja yangu. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Karibu kila seli yake iko mbioni kugawanyika, wakati uboho wa mifupa una akiba ya seli zilizotulia. Tofauti kati ya saratani na mwili ilikuwepo, ila ilikuwa tofauti ya kasi. Na palipokosekana nafasi, madaktari waliitengeneza. Leo mgonjwa anayetundikiwa dripu ya metotreksati ya dozi kubwa, ile ya njano, anaanza kupewa asidi foliniki takribani saa 24 baadaye, nayo inaziwezesha seli zake nzima kukiruka kimeng'enya kilichozibwa. Dozi ile bila asidi foliniki ingemuua. Kwa saratani zinazokua taratibu mbinu hiyo haisaidii sana, na ndiyo sababu metotreksati, pamoja na sifa zake zote, haijawa dawa ya kila uvimbe.

Wengine watasema kwamba masharti haya yatapunguza wanufaika, kwa kuwa mabadiliko ya IDH yako kwenye saratani chache. Ni kweli, na sioni aibu kulikubali. Hata ndani ya saratani hizo dawa haishindi kila mara: jaribio kubwa la enasidenibu kwa wazee ambao saratani yao ya damu ilikuwa imerudi halikurefusha maisha yao kwa jumla. Ila orodha ya tofauti za kweli haijaisha. Takribani asilimia 15 ya saratani zote zimepoteza jeni ya MTAP, kimeng'enya cha kuokoa methionini, na tangu mwaka 2016 inajulikana kwamba upotevu huo unaziacha seli zikitegemea mno vimeng'enya vingine viwili, MAT2A na PRMT5. Majaribio kwa binadamu yanaendelea. Asilimia 15 ya saratani zote duniani ni umati mkubwa wa watu, na wote wanaweza kutambuliwa kwa kipimo kabla ya kuanza dawa.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni la wanakemia. Wanasema kufuta jeni si sawa na kumeza dawa. Dawa inazuia kimeng'enya kwa sehemu na kwa muda, wakati jeni iliyofutwa inaipa seli nafasi ya kujipanga upya. Wako sahihi, na ndiyo maana jaribio la kufuta jeni pekee lisitumike kama hukumu, iwe ya kukubali au ya kukataa. Lakini udhaifu wa kipimo kimoja si ruhusa ya kukaa bila kipimo. Kipo kipimo cha kimeng'enya kisichoshikwa na dawa, kipo cha maji yenye viwango vya damu, na ipo sampuli ya uvimbe wa mgonjwa mwenyewe kabla na baada ya dozi za kwanza. Gharama ya hayo yote ni ndogo mno ukilinganisha na jaribio la mamia ya wagonjwa, ambao wengine hawana muda wa kujiunga na jaribio la pili.

Majaribio ya dawa za namna hii yatafika kwetu, na ni vizuri yafike, kwa kuwa saratani zetu nazo zinahitaji majibu. Yakifika, mamlaka ya dawa (TMDA) na kamati ya maadili iliyo chini ya taasisi ya utafiti wa magonjwa (NIMR) nchini Tanzania, pamoja na Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya, zisiridhike na michoro inayoonyesha kwamba kimeng'enya fulani kimejaa kwenye uvimbe. Ziombe kuonyeshwa kwamba seli inaishi pale kimeng'enya kinapobadilishwa dawa isikishike, kwamba matokeo yalipatikana pia katika viwango vya damu ya binadamu, na kwamba maabara ya patholojia ya hospitali husika imewezeshwa kuchagua wagonjwa wenye uvimbe unaolengwa. Na mgonjwa anayetia saini fomu ya ridhaa aelezwe hayo kwa lugha anayoielewa, kabla hajameza kidonge cha kwanza.